Nepi za Maji ya Mfereji

Mwanangu Rukia,

Kumtolea salamu mtu aliyelala chumba cha pili ni kichekesho, lakini barua isiyo na salamu haina adabu. Assalaamu alaykum, wewe na binti yako Ilham. Adhuhuri nshasali. Nyote wawili mmelala, mlango nimeurudishia, na mie nimekaa kwenye cherehani bila ya kushona, nnaandika kwenye daftari langu la vipimo kwa kuwa ndiyo karatasi niliyonayo. Ukiona pembeni pameandikwa kiuno na urefu, hiyo ni sketi ya mtoto wa skuli, haikuhusu.

Leo arobaini yako imetimia. Kesho mumeo Makame anakuja kukuchukueni kwenda kwao Kitogani, akae karibu na kazi yake ya kutembeza wageni msituni Jozani, na wewe ukae na mama yake, Bi Mize. Sikuandikii habari za uji wa pilipili manga, wala namna ya kufunga tumbo, wala maji ya moto. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke aliyepanda ngazi za jumba hili, na wengine uliwaona wakibishana wenyewe kwa wenyewe juu ya kitanda chako. Nnaandika kwa sababu nina jambo nimelificha tangu ulipozaliwa. Nikikukabili uso kwa uso, mdomo wangu utakimbilia kwenye uji. Unanijua.

Nianze na kopo.

Jumanne nilikuwa natafuta kofia nyeupe ya Ilham. Nikafungua ule mkoba wa nguo zake, nikatia mkono mpaka chini, nikagusa kitu kigumu kimezongwa kanga. Kopo la maziwa ya unga, limeshaliwa nusu. Pamoja nalo kikombe cha kahawa cha seti yangu, ambacho nilikuwa nimeshamlaumu baba yako kwamba amekivunja, na kijiko cha chai. Nikavizonga kama vilivyokuwa, nikavirudisha. Aliyekuletea nilimjua pale pale, yule shoga yako wa kazini aliyekuja kukutazama na mkoba mkubwa begani. Mtu haji kumtazama mzazi na mkoba kama anasafiri.

Sikukuuliza. Lakini nilikasirika, na si kwa ajili ya kopo. Nilikumbuka siku ya kliniki wiki iliyopita. Nesi alimtia Ilham kwenye mizani, akaona uzito umepanda, akatabasamu, akakuuliza, "Anapata kitu chengine zaidi ya ziwa?" Ukajibu, "La, ziwa tupu." Akasema, "Basi vizuri, endelea hivyo hivyo," akaandika kwenye kadi. Mie nilikuwa nimekaa pembeni nimekushikia shali. Nilikuona ukitazama sakafu, nikadhani umechoka.

Hasira yangu ilikaa mpaka magharibi. Baadaye, nikiwa nachambua mchele, nikakumbuka nilichokwambia siku ya tatu ya uzazi wako, na hasira ikanigeukia mwenyewe. Tangu Jumanne mpaka leo sijapata raha. Chakula nakula, kazi nafanya, lakini raha sina.

Siku ya tatu unaikumbuka. Mmetoka hospitali, Ilham kazaliwa wiki tatu kabla ya siku zake, kidogo, analala tu. Unamtia ziwa, anavuta mara mbili tatu, kidevu kinasimama, kashalala. Chumbani tulikuwa na wageni wawili wamekaa kwenye mkeka. Ukaniuliza, "Mama, na mie nilikuwa hivi?" Nikakujibu kwa sauti, ili na wageni wasikie, "Wewe ulikuwa mtoto mpole, kutwa kulala. Na mie maziwa yalikuwa yakimwagika mpaka godoro likarowa." Wageni wakacheka. Wewe ukavuta kanga ukajifunika.

Kulala ulilala kweli. Maziwa sikuwa nayo.

Nilikuzaa nina miaka ishirini na moja, na nilikuja kukuzalia hapa hapa, kwenye fleti hii ya Michenzani, kwa marehemu bibi yako, maana mzazi wa kwanza huenda kwa mama yake. Bibi yako alikuwa mpishi wa skuli. Akitoka alfajiri, harudi mpaka baada ya adhuhuri. Baba yako alikuwa kwao, akija jioni, anasimama mlangoni, ananiuliza hali, anakutazama, anaondoka. Kwa hivyo asubuhi nzima tulikuwa mie na wewe tu, na wageni.

Wageni walikuwa wengi. Wakikuona umelala wanasema, "Mashallah, mtoto mpole huyu, hana tabu." Bibi yako akiwapo huwakatiza kwa kuogopa kijicho, na ukitizamwa sana ilikuwa anakuongeza wanja kwenye paji la uso. Na nguo ulikuwa umevaa za mtu anayekwenda nchi ya baridi. Sweta, soksi, kofia, shali mbili, na dirisha limefungwa usipigwe na upepo. Ndani ya joto lile mie mwenyewe nilikuwa nasinzia nimekaa. Seuze wewe.

Siku ya nne kifua kilinijaa, kikawa kigumu, nikafurahi. Wewe hukukivuta. Ulikuwa unalamba tu, unalala. Siku mbili baadaye kikalainika chenyewe, na nikikamua naona tone moja moja. Siku hiyo hiyo akaja shangazi ya baba yako. Akanitazama nikikupakata, akasema mbele za watu, "Kifua hichi kitalisha nini?" Watu wakacheka. Na mie nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wao. Wewe unajua nilivyo, nikiumia nacheka.

Kuanzia hapo, mgeni akibisha hodi tu, naivuta kanga nakufunika wewe na kifua changu gubigubi, nakutia chuchu mdomoni, nakaa. Ndani ya kanga umelala, shavu halitikisiki. Basi natikisa goti, kanga inacheza, nao wanasema, "Ananyonya huyo." Nami naitikia, "Naam, ananyonya."

Asije mtu akakwambia kwamba mama yako alikuwa mtoto hajui. Nilijua. Mwanamke anajua kama anavutwa au havutwi. Niliamini maneno ya yule shangazi kwamba kifua changu kidogo hakina kitu, nikaona haya, na haya zile nikazipa nafasi mbele yako wewe. Leo najua kwamba ukubwa wa kifua hauna neno, maziwa yanakuja kwa kuvutwa, na mtoto anayelala havuti. Kila mkunga anajua hayo. Lakini nani angeniambia, na hakuna niliyemwambia?

Sasa nepi.

Zamani zile nepi zilikuwa za kitambaa. Za siku nzima zikikusanywa kwenye beseni, bibi yako akirudi kazini anazifua. Siku moja akaingia, akatazama beseni, akauliza, "Mbili tu?" Nikamwambia, "Nyengine nshazifua, mama." Hakukuwa na nyengine. Asubuhi ya pili, alipokwishatoka, nikafungua kabati, nikatoa nepi sita safi, nikafungua mfereji wa bomba la jikoni, nikazirowesha, nikazianika verandani. Bibi yako aliporudi akaziona, akaja juu. Vipi mzazi anatia mikono kwenye maji ya baridi kabla ya arobaini, nataka nije nilemae viungo uzeeni? Alinigombeza kwa ajili ya maji. Nikainamisha kichwa nikashukuru moyoni kwamba ni maji tu.

Nilifanya hivyo asubuhi tatu. Nataka uisome sentensi hii polepole, mwanangu, kama nnavyoiandika polepole. Mtoto wangu alikuwa hakojoi, na mie nikamkojolea kwa mfereji.

Asubuhi ya tatu hiyo akapanda Bi Saada. Wewe ulimjua uzeeni mwake, mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa akikupa ubuyu ukitoka chuoni kusoma Kurani. Alikuwa akikaa fleti ya chini yetu, na kamba yake ya nguo ilikuwa chini ya kamba yetu. Ugomvi wa majumba haya ni huo tangu yalipojengwa, wa juu anamrowesha wa chini. Nilipomfungulia nikajua amekuja kunigomba.

"Shikamoo, Bi Saada."

"Marahaba. Nepi zako zinachuruzika kwenye mashuka yangu. Huzikamui?"

Nikamwambia mikono inaniuma. Akapita mpaka verandani, akashika nepi moja, akainusa, akaikunjua mbele ya mwanga. Akaitia begani akaingia nayo chumbani.

"Hii haijaona sabuni," alisema. "Na mikunjo ya kabatini bado imo."

Nikawa nimesimama pale kama mwizi aliyekamatwa na kitu mkononi. Nilingoja aniulize kwa nini. Yeye alikwenda kitandani ulipolala, akavua kofia, akavua soksi, akavua sweta, shali akazitupa kwenye kiti. Hukulia. Akakupiga unyayo kwa ukucha, ukakunja uso, ukarudi kulala. Akatia kidole mdomoni mwako, akakitazama. Kikavu. Akakubeba mpaka dirishani, akafungua dirisha, akalivuta kope lako juu kwa kidole. Jicho lilikuwa la manjano.

"Zuhura," aliniambia, "mtoto huyu si mpole. Mtoto huyu hana nguvu."

Nikasema, "Sina maziwa, Bi Saada." Ndiyo mara ya kwanza maneno yale yalitoka mdomoni mwangu. Nikaanza kulia.

"Utalia njiani. Vaa buibui."

Nikatoka nje siku ya kumi na moja, mzazi anayetakiwa asivuke kizingiti mpaka siku arobaini, nikashuka ngazi mbele za macho ya jumba zima, Bi Saada mbele amekubeba umevaa nepi na fulana tu. Sikujali nani ananitazama. Nilikuwa nashuka na kusema moyoni, Mola wangu, usinichukulie, nitasema kila kitu. Nikamwahidi hivyo, na ahadi ile sikuitimiza mpaka leo hii nnayokuandikia.

Hospitali walikulaza. Walikuweka chini ya taa kwa ajili ya yale manjano, na mie wakanipa kikombe wakanifundisha kukamua, kila baada ya saa mbili, yatoke au yasitoke. Kilichotoka mwanzo hakikufunika tako la kikombe. Walikunywesha kwa kijiko, tone kwa tone, na kwa kuwa hakikutosha wakakuchanganyia maziwa ya kopo.

Naam, Rukia. Ulikunywa maziwa ya kopo. Umri wako siku kumi na moja, na ndiyo yaliyokuinua mpaka ukapata nguvu ya kunivuta mwenyewe. Siku ya tatu ya hospitali ukalia. Mtoto wa kitanda cha pili alishtuka naye akalia, mama yake akaniomba radhi kwa makelele yake, na mie nilitamani kumbusu mama yule. Sijapata kusikia sauti iliyonifurahisha kama ile.

Maziwa yalirudi, lakini hayakuja mbio. Ukimaliza kunyonya nakamua, nakunywesha nilichokamua, unalala, nakamua tena. Ilichukua wiki kadhaa mpaka nesi akanambia kopo sasa si lazima. Baada ya hapo ulinyonya mpaka miaka miwili kasoro kidogo, na kukuachisha ilikuwa vita.

Bi Saada alimwambia bibi yako kwamba mtoto ana manjano, basi. Jioni ile alikuja hospitali na nepi sita, amezikausha, amezikunja vizuri. Akaniwekea kitandani akasema, "Hizi ni safi." Mpaka anakufa hakuwahi kuitaja khabari ile, si kwangu wala kwa mwengine. Mungu amrehemu. Nilimheshimu sana, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimkwepa kwenye ngazi.

Ungedhani mtu aliyepita hapo angekuwa mkweli wa watu. Sikuwa. Mwanzo nilinyamaza tu. Watu wakikuona umenona wanasema Zuhura ana maziwa, na mie sikanushi. Baadaye nikawa naitikia. Mpaka ulipofika umri wa kwenda skuli, nikawa naanza mwenyewe, "Mie nilipomzaa Rukia, maziwa yalikuwa yanamwagika." Hadithi nikaipamba kila nikiihadithia, na lile godoro kurowa nililitia mwaka ule dada wa baba yako alipozaa. Uongo ukikaa sana nyumbani unakuwa kama kabati, hata hulioni tena. Nilikuwa nimeshaanza kuuamini.

Na ndio nilioutoa nikakupa siku ya tatu, wewe umekaa na chuchu zimechubuka na mtoto haamki. Nimeuhesabu mwenyewe mwendo wa mambo. Kabla ya siku ile ulikuwa unaniambia kila kitu, kavuta, hakuvuta, katapika, kacheua. Baada ya siku ile ukawa unasema, "Ananyonya, mama." Na ukawa unajifunika kanga. Niliiona kanga ile, mwanangu. Nikaiona inavyocheza. Mtu mmoja duniani aliyekuwa anajua maana ya kanga inayocheza vile ni mie, na nilikuwa nimekaa hapa nakoroga uji.

Nisamehe. Sisemi zaidi ya hivyo kwa sababu kila nikiandika zaidi naona najitetea.

Sasa nikwambie ninachokiogopa, maana usije ukadhani ni kopo. Kopo siliogopi. Ninachoogopa ni kwamba kadi ya Ilham imeandikwa ziwa tupu, na nesi atakayeipokea kadi ile Kitogani ataiamini. Mizani ilisema kweli siku ile, na wewe hukusema. Siku uzito ukisimama, watatafuta sababu mahala sipo. Na jengine. Akishiba kikombe analala, akilala havuti, asipovuta yanapungua, yakipungua unaongeza kikombe, na moyoni unasema, si unaona, kweli sina. Njia hiyo naijua kila kona. Nesi angeweza kukuonyesha jinsi ya kuvishika vyote viwili bila ya kimoja kukila chengine, ziwa kwanza na kukamua, na kikombe baada yake, kiasi gani na mara ngapi. Lakini hawezi kukuonyesha jambo asilolijua.

Kumvua nguo akisinzia, kumweka kifua kwa kifua, kumsugua nyayo, kuliminya ziwa akisita ili apate cha kumeza, hayo nimekuona ukiyafanya na unayafanya vizuri kuliko mie nilivyofanya. Moja tu nakutilia mkazo. Ukimwamsha akawa haamki, au akawa hataki kabisa, usingoje Makame arudi msituni, usingoje jua lishuke, usione haya ya mtu. Mchukue uende kituo cha afya. Utalia njiani.

Zamani zangu kamba ya nguo ilikuwa inasema, na mwenye macho akisoma. Zama zenu za pampasi kamba haina khabari. Pampasi inakunjwa inatupwa, na aliyejua kama ilikuwa nzito au nyepesi ni mmoja tu. Kwenye fleti hizi ningeweza kunusa, kuchungulia, kukuuliza. Kule Kitogani utakuwa na uani wako na mlango wako, na hakuna wa fleti ya chini. Ndiyo maana nataka awepo mtu anayejua.

Najua unamwogopa Bi Mize. Ana watoto saba, na kila akipiga simu swali lake ni hilo hilo, "Ananyonya?" Mie pia lilikuwa linanikera. Lakini hebu kumbuka alipokuja siku ya saba. Alipanda ngazi zote hizi na magoti yake yale, akakaa pale kwenye ukingo wa kitanda, na kabla ya kuondoka akakwambia kwa upole, kwa Kimakunduchi chake, maneno ambayo mie niliyafahamu hivi, ukichoka nambie. Sidhani kama uliyasikia. Ulikuwa umeshughulika na kanga. Mtu akisema vile, pengine naye ana nepi zake.

Kama maziwa yako yatakutosha, sijui. Ningekuwa najua ningekwambia. Pengine wiki mbili hizi atachangamka, atayavuta yote, na kopo lipate vumbi. Pengine utakwenda na vyote viwili mpaka aanze kula uji. Katika yote mawili Ilham atakuwa mtoto wa watu, atakukaidi kama unavyonikaidi. Nimefika umri wa kuona kwamba mtoto habebi alama usoni ya alichokunywa. Wewe umeibeba wapi?

Kesho alfajiri ndiyo sala yako ya kwanza baada ya arobaini. Barua hii nnaikunja nnaitia ndani ya mswala wako, uione wewe kabla ya mtu mwengine. Na nimefanya jambo bila ya ruhusa yako. Kopo nimelitoa chini ya mkoba, nikalitia juu kabisa, juu ya nguo zote, na kikombe chake na kijiko. Kikombe nenda nacho, seti imeshaharibika. Zipu sikuifunga. Ukitaka kulirudisha chini, ni mkoba wako, sitakuja kuchungulia tena.

Mie nina langu la kufanya. Makame atafika saa moja na nusu, na nitamkalisha anywe chai kwanza, na baba yako atakuwapo. Baba yako hajui khabari za nepi. Miaka ishirini na sita analala karibu yangu akijua mkewe alikuwa na maziwa ya kurowesha godoro, na amewahi kuwasimulia watu barazani. Atakasirika, na ana haki yake. Nitawahadithia yote, kuanzia kanga mpaka mfereji, mbele yako na mbele ya mkwe wangu, kwa mdomo huu huu uliozoea uji.

Nitaanza mie. Ukitaka kufuata, fuata. Usipotaka, nimiminie chai tu.

Mama yako,
Zuhura